Mimi Niandikaye

Pini ile ilitoka na joto. Halikuwa joto la kuunguza. Lilikuwa joto la sarafu iliyoshinda mfukoni mwa mtu. Mhifadhi aliishika kwa kibanio chake kidogo, akaigeuzageuza chini ya taa, akaona ni pini ya kawaida tu, yenye kutu kama nyingine zote alizozitoa wiki ile. Akaipuliza vumbi. Nyuma yake, upande wa rafu, mtu akafunua ukurasa.

Aligeuka. Hakukuwa na mtu. Chumba cha matengenezo kilikuwa na meza yake, taa yake, kiti cha mgeni ambacho wageni hawakukikalia kwa sababu kiliyumba, na makasha ya karatasi yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Dirisha lilifungwa. Feni ilizimwa, maana feni na karatasi kuukuu havipatani hata kidogo.

"Nimechoka," alijisemea, akaitumbukiza pini kwenye chupa.

Chupa hiyo inahitaji maelezo. Ilikuwa chupa kubwa ya kioo iliyowahi kuwa na jemu, na humo ndimo kilimoishia kila chuma kilichotolewa kwenye nyaraka za chuo. Kutu hula karatasi, kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi ile ilikuwa kutoa chuma chote kabla karatasi haijaingia kashani: pini, vibanio, waya, sindano za kushonea, vyote. Pini za jaji fulani zilikuwemo, pamoja na za mwalimu mkuu fulani na za daktari asiyekumbukwa na mtu. Waliokuja kujifunza kazi walipouliza kwa nini pini zichanganywe ovyo wakati karatasi hutenganishwa kwa uangalifu namna ile, mhifadhi aliwajibu kwamba chuma hakina historia. Alilipenda sana jibu hilo. Kazini walimwita Mama Gundi, kwa sababu ya harufu iliyokuwa ikimtangulia mlangoni, na yeye jina hilo alilipokea bila kinyongo.

Makasha ya safari hii yalikuwa ya mfanyabiashara wa zamani wa nguo na uzi: madaftari yake ya hesabu, yenye majalada ya ngozi, na barua zake za nyumbani. Pini yenye joto ilitoka kwenye jalada la nyuma la daftari la mwisho. Ilikuwa imeshikiza kikaratasi kimoja, chenye mwandiko wa mwanamke, kikisimulia siku alipomwona mume wake kwa mara ya kwanza, akiwa na kovu kidevuni, akicheka na watu wa dukani. Pini ilikuwa imepita katikati kabisa ya maneno. Mhifadhi alihuzunika kidogo kwa ajili ya karatasi, akaziba tundu kwa kipande chembamba cha karatasi ya kukarabatia, akalisugua mpaka lisionekane.

Profesa alikuja mchana kuangalia kazi inavyokwenda. Yeye ndiye aliyeyaleta makasha yale chuoni, na furaha yake ilikuwa haijapungua tangu siku hiyo.

"Umezisoma barua, Mama Gundi?"

"Mimi nazitibu tu, Profesa. Kusoma ni kazi yako."

"Basi sikiliza." Akavaa miwani. "'Mimi niandikaye ni mumeo, mwenye kovu kidevuni. Usiniogope.' Hii ni ya kwanza. Na hii: 'Mimi niandikaye ni mumeo, mwenye kovu kidevuni. Usiniogope.' Zote zinaanza hivyohivyo, bunda zima! Na walikuwa wakikaa nyumba moja, najua kwa hakika. Anamwandikia mke wake wa ndani barua kila asubuhi, na kila asubuhi anajitambulisha upya. Ona mapenzi ya watu wa zamani."

"Mimi mume wangu akiniandikia barua kunijulisha kwamba ni mume wangu, nitajua amekula pesa ya kodi."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. "Ni mtindo wa zama zile tu," alisema. "Nitauandikia makala."

Mhifadhi naye alicheka. Lakini lile neno la kwamba asiogope lilimkaa kichwani wakati akifunga kazi, na alipokuwa akinawa mikono alijiuliza mwanamke yule alikuwa akiogopa nini.

Nyumbani kwake walikuwa watatu na paka. Mume wake alikuwa fundi wa friji, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye angeweza kusikiliza injini ya friji kwa nusu saa bila kusema neno. Binti yao alikuwa darasa la kwanza, ana pengo mbele, hatulii mahali pamoja hata umpe nini, ndiyo maana walimwita Kiroboto. Paka aliitwa Bosi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtoa kwenye kiti.

Jioni ile Kiroboto alimwonyesha mama yake daftari la shule. Mwalimu aliwaambia wachore watu wao, kila mtu ukurasa wake, na chini waandike sentensi moja. Wa kwanza alikuwa Bosi, ambaye si mtu, lakini mwalimu alimpa tiki. Kisha Bibi, mama yake fundi: "Bibi anapiga simu Jumapili." Kisha Baba, mwenye mikono inayofika ardhini. Kisha Mama, mwenye nywele za kusimama wima: "Huyu ni mama. Ananuka gundi." Ukurasa wa mwisho alijichora mwenyewe akiwa hewani, hagusi chini kabisa. "Huyu ni mimi."

"Yaani sifa yangu yote ni kunuka?" mama yake akauliza.

"Unanuka vizuri," Kiroboto akamwambia, akamrukia shingoni.

Usiku huo nyumba ilipata harufu nyingine. Ilikuwa harufu ya karatasi iliyolala na unyevu miaka mingi, na ndani yake kutu. Mhifadhi alidhani ni nguo zake za kazi, akaziloweka. Harufu haikuondoka. Alipokuwa akizima taa ya sebuleni alisikia karatasi ikifunuliwa chumbani kwa mtoto, taratibu, kama mtu anayesoma bila haraka, akafikiri Kiroboto anachungulia vitabu badala ya kulala, akaenda amkemee.

Kiroboto alikuwa usingizini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyanyuka. Alikipeleka kidole mdomoni, akakilamba, akashika pindo la shuka, akalifunua kuelekea kushoto, akalilaza, akalipiga pasi kwa kiganja. Kisha kidole kikaanza kushuka juu ya shuka tupu, mstari kwa mstari. Mama yake alisimama mlangoni akitaka kucheka, akiona jinsi mtoto alivyoiga kazi yake, ila kwake kazini ilikuwa mwiko kulamba kidole, na yeye hakuwahi kufanya hivyo mbele ya mtoto hata siku moja.

Asubuhi Bosi alikuwa amesimama kizingitini mwa chumba cha mtoto, mgongo umempanda, haingii wala haondoki.

"Mama," Kiroboto akasema, akimtazama kwa mashaka, "huyu paka ni wa nani?"

Walimcheka. Walidhani ni utani, maana Kiroboto alikuwa na utani mwingi. Lakini alipotoka alimzunguka paka kwa mbali, akishika ukuta, na paka aliyemlea tangu akiwa kichanga alibaki akilia mlangoni.

Jumapili Bibi alipiga simu. Fundi alimpa mtoto simu, akaendelea kufunga kamba za viatu. Alisikia sauti ya mama yake ikitoka kwenye simu, mara ya kwanza kwa bashasha, mara ya pili kwa wasiwasi, mara ya tatu ikitetemeka.

"Mjukuu wangu, ni mimi. Ni Bibi. Jamani, hunijui?"

"Samahani," Kiroboto alijibu kwa adabu, "labda umekosea namba." Akamrudishia baba yake simu.

Hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Walimpeleka hospitali. Daktari alimmulika macho, akampima damu, akamwambia ahesabu, akamwambia ataje rangi, na Kiroboto alijibu yote bila kukosea, hata akamsahihisha daktari kuhusu rangi ya tai yake. Hakuwa na homa. Daktari alisema watoto hupitia vipindi na akawataka warudi baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili?" fundi alinong'ona walipofika nje. Alikuwa amembeba mtoto aliyesinzia. Akamgeuzia mkewe mkono wa mtoto ili auone. Ncha ya kidole cha kulia ilikuwa na rangi ya kutu, na ilikuwa mbichi, imelowa mate. "Nimekiosha asubuhi kwa sabuni. Jana pia nilikiosha. Mke wangu, hii si homa."

"Usiseme."

"Nisiposema itaondoka?" Akambadilisha mtoto bega. "Kuna mtu namjua. Nilimtengenezea friji, dawa zake anaziweka kwenye friji. Anasema kweli, hata ikimharibia biashara."

Mhifadhi alikuwa mwanamke wa chuo kikuu, na siku nyingine angemwambia mumewe maneno. Siku ile alisema tu, "Twende."

Mganga alikuwa na chumba nyuma ya duka la kutengeneza simu. Alikuwa na mafua makali, shingoni amejifunga taulo, na aliwapokea bila kunyanyuka. Lakini mtoto alipolazwa kwenye mkeka, na mkono ukanyanyuka, na kidole kikaenda mdomoni, mganga alisogeza kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Nani kati yenu," aliuliza kwa sauti ya chini sana, "anashika karatasi za watu waliokufa?"

"Mimi," mhifadhi akasema.

"Ulifungua nini?"

"Nilitoa pini. Ni kazi yangu, tunatoa pini zote."

Mganga alifumba macho. Alipoyafumbua alizungumza akimwangalia mtoto, polepole, kana kwamba hakutaka kumwamsha aliyekuwa akisoma. "Huyu ni msomaji. Wafanyabiashara wa zamani waliokuwa na tamaa walimfuga dukani. Mteja akiingia, anamsoma kabla hajafungua mdomo; mwenye duka anajua ana shida gani, anaogopa nini. Utajiri unakuja. Ila yeye hajui kuacha. Wageni wakiisha, huwasoma wenyeji. Ukurasa aliousoma anauchukua, mwenyewe habaki nao. Akifika wa mwisho, mtu amekwisha. Atakula, atatembea, lakini ndani hamna mtu."

"Kwa nini yeye?" mhifadhi aliuliza. "Mimi ndiye niliyemtoa! Kwa nini asianze na mimi?"

"Huanza na kitabu chembamba."

Fundi alishika mguu wa mtoto wake. Chumbani hakukusikika kitu ila kurasa ambazo hazikuwapo.

"Mtoe," fundi akasema.

"Wa hivi hatolewi. Hufungwa. Mpeni daftari aliloliandika mtoto mwenyewe, atasomea humo mtamwona yuko wapi. Mchomeni kwa pini ileile, kwenye ukurasa alipo, si wa nyuma wala wa mbele. Akifungwa ataachia vyote alivyochukua." Akapenga kamasi, akakunja kitambaa polepole. "Isipokuwa huo mliomchomea. Huo unabaki naye, haurudi, wala hauandikiki tena. Mimi sina pini ya namna hiyo. Nikikwambia ninayo nitakula pesa yako na mtoto ataisha. Iko wapi?"

Mhifadhi alijibu: "Kwenye chupa."

"Chupa gani?"

"Chupa ya pini zote. Za miaka yote. Tunazichanganya."

Mganga alimtazama bila hasira, na huruma ile ilimwumiza kuliko tusi. "Yeye anaijua," alisema. "Pitisheni mbele yake. Akiiona atasimama."

Mhifadhi alikwenda kuichukua chupa siku ileile. Alipita kwa mlinzi na chupa ndani ya mkoba, ameivisha kanga ili pini zisilie, akasalimia, akatabasamu. Alikuwa hajawahi kuiba hata penseli.

Kiroboto alikuwa na kawaida ya kulala mchana, na mchana ule bati la nyumba lilikuwa likilia kwa jua. Walimlaza kwenye godoro sebuleni, wakafunga mlango, wakamtoa Bosi nje. Wakaweka daftari la shule chini ya mkono wake. Kisha mhifadhi akatandika shuka jeupe sakafuni na kuimimina chupa. Pini zilimwagika na vumbi jekundu, zikasambaa mpaka miguuni mwa viti, nyingi kuliko alivyowahi kudhani, zote ndogo, zote za kutu, hakuna iliyotofautiana na mwenzake.

Mkono wa mtoto ukanyanyuka. Kidole kikalambwa. Jalada la daftari likafunuliwa, kisha ukurasa wa Bosi, kisha wa Bibi, na kiganja kikaupiga pasi ukurasa wa Baba. Ndipo mdomo wa mtoto ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya Kiroboto. Ilikuwa ya mtu mzima, kavu, isiyo na haraka, sauti ya mtu anayekagua mzigo uliofika dukani.

"Huyu... ni... baba..."

"Choma," fundi akanong'ona. Alikuwa amepiga magoti, jasho linamtiririka hadi kidevuni. "Choma wangu. Mimi nitavumilia. Nitamzoesha upya."

"Sijaipata!"

"Choma yoyote!"

"Yoyote haifai, umesikia alivyosema!"

Akawa anaziokota, moja moja, anaipitisha mbele ya kidole kinachoshuka, anaitupa, anachukua nyingine, na kidole hakisimami, na anaitupa, na vidole vyake vinatoboka na kutoka damu ambayo haioni, na harufu ya karatasi mbichi inapanda sebuleni mpaka inakaa kooni, na upande wa sikio lake la kushoto kuna mtu anayepumua, pumzi baridi ya mtu aliyeinama begani mwake kusoma anachosoma, na hathubutu kugeuka kwa sababu anajua akigeuka hataweza tena kuinua mkono, na anaokota, na anatupa, na kidole kinafika mwisho wa sentensi ya Baba, kinatulia, kinapanda mdomoni, kinalambwa.

Ukurasa ukageuka. Fundi akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyepigwa tumboni.

Sasa ulikuwa ukurasa wa mwanamke mwenye nywele za kusimama wima. Nyuma yake ulibaki mmoja tu, wa mtoto aliyekuwa hewani.

"Huyu..." sauti ikasoma.

Mhifadhi aliingiza mikono yote miwili kwenye lundo. Na katikati ya chuma baridi akahisi joto, lile joto la sarafu ya mfukoni. Akalifuata kwa vidole, akalishika, akalipandisha mbele ya mkono wa mtoto. Kidole kikasimama. Pumzi kwenye sikio lake ikasimama. Hata bati likanyamaza.

"Ndiyo hii," alisema.

"Ngoja," fundi akamshika mkono, sasa analia waziwazi. "Ngoja kidogo. Labda atarudi nyuma. Labda atarudi kwangu."

Alitaka sana kungoja. Mtu asimdanganye mtu hapa: alitaka kumwachia mumewe, alitaka kumwachia Bibi, alitaka hata paka, yeyote asiyekuwa yeye. Lakini kidole kilikuwa kikitetemeka kuelekea chini, na msomaji wa namna ile hakuwa amerudi nyuma hata mara moja. Ndipo zilipomjia zile barua, bunda zima, na kicheko chake na cha Profesa juu yake. Mimi niandikaye ni mumeo, mwenye kovu kidevuni. Usiniogope. Hazikuwa mtindo wa zama zile. Mwanamume yule naye alikuwa amepiga magoti mahali fulani, pini mkononi, na ukurasa uliokuwa umefunuliwa ulikuwa wake.

"Baki na mtoto," alimwambia mumewe. "Akiamka akuone wewe kwanza."

Akaichoma pini katikati ya uso wake wa penseli, ikapita, akaipindisha, ikatokeza upande wa pili kwenye maneno ya kunuka gundi. Sauti iliyofuata aliisikia miguuni, kama makasha yote ya hifadhi yamejifunga kwa mpigo. Kisha harufu ikakatika. Nje Bosi akaanza kukwaruza mlango.

Akachana ukurasa ule kwa uangalifu, akaukunja na pini yake, akauweka kifuani. Kiroboto akafumbua macho.

"Baba, mbona unalia?" Sauti ilikuwa yake, yenye pengo. "Bosi yuko nje, mfungulie. Leo Bibi amepiga?"

Fundi alimkumbatia. Kiroboto akaangalia juu ya bega la baba yake, akamwona mwanamke aliyeketi sakafuni katikati ya pini, vidole vinavuja damu. Akajibana kwa baba yake.

"Shikamoo," alisema kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwasalimu wageni. Kisha kwa kunong'ona: "Baba, huyu mama anatafuta nani?"

Ukurasa huo sasa uko kwenye jalada la nyuma la daftari la mwisho la mfanyabiashara, ndani ya kasha lake, rafu ya juu. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba chuma hiki kisitolewe. Profesa aliuona akashangaa.

"Na kanuni yetu ya kutu?"

"Hii moja ibaki. Na nakuomba jambo jingine, Profesa. Chukua ufunguo wangu wa chumba kile. Mpe mwingine."

"Kwa nini? Kuna mtu anayejua kazi ile kuliko wewe?"

"Ndiyo sababu," alisema. "Kuitoa ni jambo la kufumba na kufumbua. Na kuna siku nitataka kuitoa."

Profesa aliuchukua ufunguo, akidhani ni uchovu, akamshauri apumzike. Makala yake kuhusu mapenzi ya watu wa zamani ilitoka mwaka uleule na wengi waliisifu.

Kiroboto ni mzima. Anaruka, anasoma, anamtania daktari. Naye anampenda yule mgeni wa nyumbani kwao, kwa kiasi chake. Kila siku inapofika jioni huwa amekwisha kumzoea. Hucheka naye, humwegemea, na mara moja alimwambia kwamba ananuka vizuri. Kisha hulala. Asubuhi humkuta tena mwanamke asiyemjua jikoni kwao, akampita akishika ukuta.

Juzi, wakati anasukwa nywele, aliuliza bila kugeuka: "Eti wewe, mama yangu atarudi lini?"

Mhifadhi alimaliza mstari ule, akaufunga vizuri, akaingia jikoni akafungulia maji ili asisikike.

Siku hizi anaamka kabla ya mtoto. Anachukua karatasi safi, isiyo na pini wala kibanio, anaandika kwa mwandiko mkubwa anaoweza kuusoma mtoto wa darasa la kwanza, na kuiweka chini ya kikombe chake cha chai. Za nyuma huzitunza kwenye bunda, na bunda linazidi kunenepa. Zote zinaanza hivyohivyo.

"Mimi niandikaye ni mama yako, mwenye kunuka gundi. Usiniogope."